Spika Tano na Tundu Moja

Wiki niliyostaafu, msichana wa ofisi ya wafanyakazi aliniomba niwaandikie nyinyi mnaobaki ukurasa mmoja wa mawaidha, ubandikwe ukutani pale tunapopikia chai. Alisema uwe mfupi na wa kutia moyo. Huu si mfupi, na habari ya moyo mtajionea wenyewe. Nimekaa kwenye meza ya huduma kwa wateja ya duka letu la Thika kwa miaka ishirini na miwili, na sehemu kubwa ya hiyo miaka nimeshughulika na spika za kompyuta. Nani alipanda cheo na nani aliongezwa mshahara, waulizeni waliopanda na walioongezwa. Mimi nitawaeleza kuhusu spika, muhuri wa mpira na mwalimu mmoja wa Kiuu.

Siku ya kwanza nilivaa viatu vya visigino virefu, maana nilidhani huduma kwa wateja ni kazi ya kusimama na kutabasamu. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama kutoka Gatongora. Aliweka wufa juu ya meza, lile boksi kubwa la kutoa besi, akasema linanung'unika hata likizimwa. Nikainama kusikiliza. Panya akatoka kwenye lile tundu la mbele, akanipita begani. Nilipanda juu ya kiti na visigino vyangu vyote, na wateja wakacheka hadi wa upande wa friji wakaja kuuliza kuna nini.

Aliyeniokoa ni Fundi Ndung'u, mzee mwembamba aliyekuwa na benchi lake nyuma ya pazia. Alimulika ndani ya wufa kwa tochi, akatoa kiganja kizima cha sponji iliyotafunwa.

"Mama, hii si mambo ya waranti," akamwambia. "Huyu ni tenant. Na hajalipa rent."

Yule mama akacheka mpaka akasahau kukasirika. Ndung'u akamsafishia wufa, akalifunika lile tundu kwa kipande cha wavu, akamrudishia. Jioni aliniambia, akiniita mama Kamau kwa Kikuyu chake, "Nyina wa Kamau, kesho kuja na viatu vya kukimbia." Hayo ndiyo mafunzo yangu yote ya kuanzia kazi, na sijapata mengine yaliyonifaa zaidi.

Ndung'u hakuwa na vyeti. Alikuwa na bisibisi tatu, tochi na betri ya rimoti. Ukimletea spika inayodaiwa kufa, alikuwa akigusisha betri kwenye ncha za waya. Spika ikisema "tup", ni nzima, ugonjwa uko kwingine. Ikinyamaza, alitikisa kichwa taratibu kama daktari aliye na habari mbaya. Chombo chake kikubwa kilikuwa sauti yake mwenyewe. Alijirekodi kwenye kompyuta ya kujaribia, akapanga ili kila neno litoke kwenye spika moja tu. Ukibonyeza, ulimsikia akizunguka chumba kwa matamshi yake ya Kikuyu: "Mbere kushoto." Kimya. "Mbere kuria." Kimya. "Katikati." Halafu nyuma yako, kana kwamba amekunyemelea: "Nyuma kushoto. Nyuma kuria." Wateja walikuwa wakigeuka kumtafuta. Spika isiyotaja jina lake haikutoka dukani.

Alinifundisha kumuuliza mteja maswali matatu kabla ya kumwonyesha chochote. Utasikiliza nini? Utakaa wapi? Nionyeshe mgongo wa kompyuta yako. Hilo la tatu ndilo watu walilishangaa. Seti ya spika tano na wufa huja na pini tatu, ya kijani, nyeusi na ya rangi ya chungwa, na kila pini inataka tundu lake. Spika za nyuma zina pini yao. Kompyuta yenye tundu moja itazipa spika zote tano kitu kilekile, kama uji wa harambee. "Hesabu matundu kabla ya kuhesabu spika," alikuwa akisema.

Alisema mengine mengi, nami nayaandika hapa kwa sababu hamtayasikia kwingine. Zile namba kubwa za nguvu zilizo kwenye boksi ziliandikwa na mtu ambaye hajawahi kuisikia hiyo spika, kwa hiyo inua wufa. Ikiinuka kama mkate, irudishe. Pima waya za spika za nyuma, kwa maana nyingi zinatosha chumba cha sungura. Kama sauti inapandishwa kwa rimoti peke yake, muulize mwenye duka itakuwaje siku rimoti itakapoangukia kwenye ndoo ya nguo. Na la mwisho, alilisema kwa sauti ya chini ili meneja asisikie: ukiwa bado dukani, piga ile namba ya huduma iliyo kwenye boksi. Asiyepokea ukiwa na pesa mkononi hatapokea ukiwa umeshazitoa.

Sasa nifike kwenye muhuri. Mnajua kwetu mtu hanunui hata balbu bila kuiona ikiwaka. Mteja husimama pale kaunta, kitu kinafunguliwa, kinajaribiwa mbele ya macho yake, ndipo risiti inapigwa muhuri: IMEJARIBIWA, IMEKUBALIWA. Ni desturi nzuri. Ilikuwepo kumlinda mteja, na zamani za Ndung'u ilimlinda kweli, kwa sababu jaribio lilikuwa lile la kuzunguka chumba na lilichukua karibu dakika ishirini.

Kisha tukaletewa meneja mpya, kijana aliyevaa koti hata wakati wa jua la Januari. Alisimama nyuma ya pazia asubuhi moja na saa mkononi, akampima Ndung'u. Wiki iliyofuata jaribio lilibadilishwa. Unachukua simu, unachomeka waya mmoja kwenye lile tundu la pembeni la wufa, unaweka wimbo wa injili wenye ngoma nyingi, unapandisha. Kuna kitufe nyuma ya wufa kinachonakili sauti ya mbele na kuipeleka nyuma. Ukikibonyeza, spika zote tano zinapiga kelele pamoja, mteja anacheza kidogo, anatoa pesa. Dakika mbili. Jaribio hilo halikuonyesha lolote kuhusu kompyuta ya mteja.

"Hiyo si testi," Ndung'u alisema mbele ya kila mtu. "Hiyo ni disco."

Nilimwendea meneja, nikamweleza habari ya pini na matundu. Alinisikiliza akiangalia simu yake. "Madam, sisi hapa hatufundishi class. Tunauza spika." Mwezi uleule Ndung'u aliambiwa apumzike. Benchi lake lilitolewa, pakawekwa rafu ya vifuniko vya simu. Nilimsindikiza hadi barabarani na bisibisi zake tatu kwenye mfuko wa karatasi, nikarudi mezani, na muhuri ukabaki kwangu. Niliuchukia tangu siku hiyo, lakini niliendelea kuupiga.

Mwalimu Barasa aliingia Jumamosi moja, foleni ikiwa imefika mlangoni. Alikuwa mzee mrefu wa kutoka magharibi aliyehamia Kiuu zamani akafundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, skafu shingoni ingawa kulikuwa na joto, mkoba wa laptopu begani. Mkewe, Mama Nekesa, ndiye aliyeongea. Mzee alikuwa amefanyiwa upasuaji wa koo na sauti ilikuwa imekwenda moja kwa moja. Hata kunong'ona hakuweza. Aliandika kwenye daftari la mazoezi lenye mistari, kwa mwandiko wa ubaoni, akanigeuzia:

*Mimi ni mwalimu wa kwaya. Nataka kila sauti itoke kwa spika yake. Hii inaweza?*

Mkewe akanieleza, na nilimwelewa vizuri. Kabla ya upasuaji, daktari alipomwambia sauti haitarudi, mzee alijifungia wiki tatu akarekodi nyimbo zote za kwaya yake. Kila wimbo aliuimba mara nne: besi, tenor, alto, na soprano kwa sauti nyembamba ya kujikaza. Binti yao Nekesa, anayefanya kazi ya kompyuta huko Kitale, aliziunganisha ili kila sauti ipite njia yake. Mpango wa mzee ulikuwa kuweka spika kwenye pembe nne za chumba, waimbaji wakae kila kundi karibu na spika yao, na afundishe kwa mikono huku sauti yake ya zamani ikifundisha kwa masikio. Wazee wa kanisa walikuwa wamempa mpaka Jumapili ya mavuno. Kwaya isipokuwa tayari siku hiyo, angepewa mtu mwingine.

"Hii kwaya ndiyo imebaki kwake," Mama Nekesa alisema. "Akinyang'anywa, sijui nitakaa na yeye aje."

Nilisoma lile daftari, na nataka mlijue hilo kuliko yote niliyoandika hapa. Nililisoma lote na nikalielewa. Mkoba wa laptopu ulikuwa juu ya meza yangu, karibu na kiwiko changu. Ningeufungua tu, ningehesabu tundu moja, na ningemwambia: Mwalimu, seti hii peke yake haitakufaa. Lakini meneja alikuwa amesimama kando ya rafu ya vifuniko, na nyuma ya mzee watu walikuwa wakikohoa kile kikohozi cha kuharakisha.

"Inaweza, Mwalimu," nikasema.

Nikachomeka simu, nikabonyeza kile kitufe, nikapandisha ule wimbo wa ngoma. Mzee alitembea kutoka spika hadi spika akiweka kiganja juu ya kila moja. Akarudi akaandika, *Zote zinaimba!* Akanipa mkono, mkono mkubwa wa chaki. Nikapiga muhuri.

Alirudi baada ya siku kumi, peke yake, amebeba boksi kubwa mikononi. Alikuwa ameshapitia tawi letu la Ruiru, lililo karibu na kwake, nao wakamwambia shida ya kifaa hutatuliwa kilikonunuliwa. Mimi nikamwita meneja. Meneja akasema ukaguzi wa wateja wa Kiuu unafanyiwa Ruiru. Mwalimu akabeba boksi akarudi Ruiru. Ruiru wakaangalia muhuri wakamrudisha Thika. Nilimwona akiingia mara ya tatu, jasho likichuruzika chini ya skafu, akaweka boksi mbele yangu polepole ili lisigonge. Akafungua daftari. Alikuwa ameandika nyumbani, maelezo marefu, nadhifu: sauti zote nne zinatoka kila mahali kwa pamoja, waimbaji wanachanganyikiwa, soprano wanafuata besi, vijana wanacheka.

Nilikuwa ninajua dawa. Siku ile aliporudi mara ya kwanza nilipita Kamenu, alikofungua kibanda Ndung'u, nikamweleza. Aliweka bisibisi chini.

"Na si mlimtestia?"

"Tulimtestia ile ya simu."

"Wewe ndio ulipiga stampu?"

"Ni mimi."

"Haiya," akasema. Kisha akanionyesha kijisanduku kidogo kuliko sabuni ya kipande. Upande mmoja kinachomekwa kwenye USB ya laptopu, upande wa pili kina matundu yote, ya kijani, nyeusi na chungwa. Kwisha. Lakini sisi hatukuwa tukikiuza, na sheria ya meza ilikuwa kwamba hutaji kitu ambacho duka halina, kwa sababu ukikitaja umekiri kwamba kifaa kiliuzwa vibaya. Meneja alisimama karibu yangu mara ile ya tatu. Nilimwambia Mwalimu, kwa ile sauti tuliyofundishwa kwenye semina, kwamba seti ilijaribiwa ikakubaliwa na tatizo ni kompyuta yake.

Akaandika mstari mmoja. *Ulisoma nilichoandika siku ile?*

Nilifungua droo, nikampa kadi ya huduma kwa wateja, ile mpya yenye namba ya simu, nikamwambia, "Piga hapa, watakusaidia." Ndivyo utaratibu ulivyosema: hatua ya mwisho, kadi. Alikuwa ameshafika mlangoni na boksi lake ndipo nilipotambua nimempa namba ya simu mtu asiye na sauti. Ningeweza kumkimbilia, viatu vya kukimbia nilikuwa navyo miguuni. Mteja aliyefuata alikuwa tayari ameweka pasi yake mezani.

Kuna jambo kuhusu ile namba ambalo labda hamlijui. Wiki chache kabla ya hapo niliitwa juu, kwenye chumba chenye magodoro ukutani ya kuzuia mwangwi, nikapewa karatasi nisome mbele ya kipaza sauti. Walinichagua kwa sababu, walisema, sauti yangu inatuliza. "Karibu huduma kwa wateja. Tafadhali eleza shida yako baada ya mlio." Tulirekodi mara sita hadi nikasikika ninajali. Nilimuuliza meneja ni nani atakayekuwa akizisikiliza hizo shida. Akasema, "Kuna system, Madam." Sikuuliza tena.

Nilistaafu miezi michache baadaye. Kulikuwa na keki, na saa ya ukutani ambayo sitawaambia inakwenda vipi. Nilikuwa nimejiahidi kila Jumamosi kwamba Jumamosi ijayo nitakwenda Kiuu, na nikawa na sababu kila mara: mvua, mazishi, mgongo. Ukweli ni kwamba niliogopa lile daftari. Jumapili ya mavuno ilipita nikiwa bado ninatafuta sababu. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, kwa hiyo sitaki pole yenu. Mwishowe nilinunua kile kijisanduku kwa Ndung'u, akanichorea kwenye karatasi jinsi ya kuiambia laptopu kwamba sasa ina spika tano, nikaenda.

Nilifika kwenye geti la ploti yao, nikabisha. "Hodi wenyewe."

Kisha sauti ya Mama Nekesa ikatoka ndani, bado geti limefungwa. "Ati?"

"Nimesema hodi, mama. Ni mgeni."

Akafungua geti nusu akanitazama. Hakuikumbuka sura yangu. "Sema tena."

"Niseme nini?"

"Wewe ni yule wa simu," akasema. "Mimi nakujua hiyo sauti. Mimi natoka hapa mapema naenda shamba la maua, simu tunaacha kwa geti ya huko mpaka jioni, na jioni nikipiga mmefunga, nasikia hiyo sauti tu halafu inakata. Kwa hivyo mzee wangu alikuwa anapiga mwenyewe. Kila asubuhi. Anaweka loudspeaker, anangoja. Labda siku moja mtu atashika. Meseji alituma, ikakataa kuenda. Na wewe unamwambia, eleza shida yako, eleza shida yako. Mama, angeeleza na nini?"

Nililia pale getini. Hakunibembeleza, na alifanya vizuri. Alinifungulia nipite.

Mwalimu alikuwa amekaa chumbani. Spika zilikuwa bado kwenye pembe zake, juu ya vibao alivyovipigilia mwenyewe, na chini ya kila moja viti vitatu vya plastiki. Kwaya walikuwa wamempa kijana mwenye kinanda. Mzee sasa hukaa benchi la nyuma, mkewe alinieleza, na wimbo ukianza huwa anainua mkono wa kulia, halafu anakumbuka, anaushusha.

Nilichomeka kile kijisanduku. Pini tatu, matundu matatu. Nilikosea rangi, nikarudia mara mbili. Nikafuata mchoro wa Ndung'u, nikafungua wimbo wa kwanza kwenye orodha.

Besi ilianza nyuma kulia. Kisha tenor, nyuma kushoto. Alto ikaingia, na juu yake ile soprano ya kujikaza, yenye kupasuka kidogo kwenye noti za juu. Barasa wanne walikuwa wakiimba kutoka pembe nne za chumba, juu ya viti kumi na viwili visivyo na mtu. Mama Nekesa alijifunika uso kwa leso. Mzee alisimama katikati, akainua mikono yote miwili, akaongoza wimbo mpaka mwisho, hakukosea kuingia hata kwa sauti moja. Ilichukua dakika tano kurekebisha. Dakika tano, na ningeweza kumweleza siku ile ya kwanza kwa sentensi moja.

Wimbo ulipokwisha alikaa, akachukua simu yake, akabonyeza namba bila kuiangalia. Akaiweka juu ya meza katikati yetu. Nikajisikia nikisema kwa upole ule wa mara sita: Karibu huduma kwa wateja. Tafadhali eleza shida yako baada ya mlio. Akaandika neno moja kwenye daftari, akanigeuzia.

*Nisemee.*

Mlio ulipolia nikasema. Nilitaja jina lake, jina langu na duka letu. Nilisema alichoandika siku ile ya kwanza, na kwamba nilisoma. Nilisema laptopu ilikuwa mezani na sikuifungua. Nilisema habari ya kitufe kile cha nyuma ya wufa, na benchi la Ndung'u, na Jumapili ya mavuno, na nikaomba apigiwe na mtu. Hapo nikakumbuka, nikasema hapana, asipigiwe yeye, nipigieni mimi. Nikaacha namba yangu, nikairudia taratibu. Laini ikajikata yenyewe.

Hiyo ni miezi miwili sasa. Simu yangu naichaji kila siku na siizimi hata kanisani. Sijapigiwa, ndiyo nikaamua kuwaandikia nyinyi.